Lori la Mjomba na Kisima cha Kendwa

Wahenga walisema ya kale ni dhahabu, na sisi watu wa kaskazini ya Unguja tumeushika msemo huo kwa vitendo. Nenda Nungwi, kwa jirani zetu, ukawatazame mafundi wa vyombo. Ubao uliooza hung'olewa, hupachikwa mwingine, hutiwa kalafati kwa pamba na sifa, na chombo hurudi baharini. Hakuna anayeuliza kama chombo ni kipya au kikuukuu. Kinachoulizwa ni kama kinavuja.

Kwa malezi hayo sikuona ajabu mjomba wangu kulishikilia lori lake. Lilikuwa lori la Kiingereza la miaka ya 60, limevishwa bodi la mbao na mafundi wa hapa hapa, mabenchi pande mbili na turubali juu. Miaka ya 80, likizo za skuli, nilikuwa utingo wake kutoka Kendwa hadi Darajani. Tukipakia abiria, nazi, madema na samaki, na tukipanda kilima moshi mweusi ulitufunika hata walio nyuma wakajitanda kanga usoni. Tulicheka. Moshi ulikuwa alama kwamba gari lina nguvu.

Moshi wenyewe si mgeni Unguja. Mwaka 1905 Wamarekani walijenga reli kutoka mbele ya Ngome Kongwe hadi Bububu, maili 7 hivi, na garimoshi likipita katika vichochoro vya mji likirusha cheche. Mwaka 1922 liliacha kuchukua abiria, kwani barabara na motokaa zilikwisha kulipokonya kazi. Baada ya Mapinduzi ya 1964, na hasa miaka ya 70, fedha za kigeni zilikuwa adimu na spea zikawa adimu zaidi. Gari lililokuwepo ndilo lililotengenezwa, likatengenezwa tena. Wala hatukufanya hivyo kwa kuyahurumia mazingira. Tulifanya kwa kukosa.

Mambo yaligeuka mwaka 1984, Mzee Ali Hassan Mwinyi aliposhika urais wa Zanzibar na milango ya biashara kufunguliwa. Zikaja gari zilizotumika, nyingi za Kijapani, baadhi zikipitia Dubai. Huko Japani gari mpya hukaguliwa baada ya miaka 3, kisha kila miaka 2, na ukaguzi huo una gharama zake. Wengi huona bora kuiuza gari ingali nzima. Ripoti ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2020 ilieleza kuwa kati ya 2015 na 2018 nchi za Ulaya, Japani na Marekani zilisafirisha nje gari ndogo milioni 14 zilizotumika, na Afrika ilipokea nyingi kuliko bara jingine lolote.

Hapo ndipo ubishi wetu ulipoanzia. Wanawe walimtaka auze lori anunue gari ya Kijapani. Yeye akaniambia, "Mjomba, hili lishatengenezwa zamani. Hilo jipya chuma chake hakikuyeyushwa kwa moto?" Nilikosa jibu. Miaka mingi baadaye nilikaa nikapiga hesabu, na nakuomba msomaji uifuate.

Lita moja ya petroli ikiungua hutoa kilo 2.3 hivi za hewa ya kaboni. Usishangae kwamba lita yenyewe haifiki hata kilo moja; kaboni iliyomo huungana na oksijeni ya hewani, na uzito huongezeka. Sasa chukua gari kuukuu inayokula lita 12 kwa kilomita 100, na mpya inayokula lita 7. Mpya huokoa lita 5, yaani kilo 11 na nusu za kaboni kila kilomita 100. Lakini imezaliwa na deni, kwa sababu kuiunda, tangu chuma hadi rangi, hutoa tani kadhaa. Makadirio hutofautiana; tuseme tani 6. Deni hilo litalipika baada ya kilomita 52,000 hivi.

Kendwa na mjini ni karibu kilomita 60, kwenda na kurudi 120. Mtu anayekwenda mjini mara moja kwa wiki atahitaji zaidi ya miaka 8 kulilipa. Huyo na abaki na gari yake kuukuu, aitunze. Dereva anayekwenda mara mbili kwa siku, kwa hesabu hiyo hiyo, atalilipa kwa siku 217. Ikiwa gari yake ni kubwa, deni huwa kubwa, lakini na mafuta yanayookolewa huzidi vile vile. Mjomba alikuwa na haki kuhusu chuma. Alichosahau ni kwamba jahazi hukaa miaka 40 likisukumwa na upepo, na lori lake lilikuwa likinywa dizeli kila siku ya Mungu.

Nayo kaboni si hesabu yote. Petroli yetu ilikuwa na risasi, sumu inayoharibu akili za watoto, hadi nchi za Afrika kusini ya Sahara zilipoiondoa kufikia mwanzo wa 2006. Siku hiyo gari kuukuu na mpya zilitakasika pamoja, bila mtu kununua chochote.

Jambo la mwisho ni zito kwangu. Kazi yangu ya utingo ilikuwa pia kumwaga oili chafu. Nyingine tulipaka nguzo zisiliwe na mchwa. Iliyobaki niliimwaga katika ufa wa mawe nyuma ya nyumba, nikafurahi kuona inavyozama upesi bila kuacha alama. Injini ilikwisha chakaa, ikawa inataka oili mara kwa mara, nami nikawa mtu wa kwenda kwenye ufa ule mara kwa mara. Kisiwa chetu ni jiwe la matumbawe, limejaa matundu kama sifongo, na maji tunayokunywa yamo humo humo chini. Ulifika msimu mama zetu wakasema maji ya kisima yana utando na harufu. Wakahamia kisima cha mbali, ndoo kichwani. Hakuna aliyeniuliza, nami sikusema. Leo ndiyo mara ya kwanza nasema.

Lori lilikwenda chuma chakavu, mjomba naye ametangulia mbele ya haki. Mimi nina gari ya Kijapani ya mtumba, mjini naenda kwa nadra, na sina haja ya kuibadilisha. Oili yake naitia katika dumu na kuirudisha gereji mjini. Nikiulizwa gari ipi ni bora, kuukuu au mpya, huuliza kwanza: unakwenda mbali kiasi gani, na inavuja wapi?