Gereja, Gereza

Kwa Kimalay, gereja ni kanisa. Kwa Kiswahili, gereza ni mahali pa kufungia watu. Maneno haya mawili yana baba mmoja: igreja, neno la Kireno lenye maana ya kanisa. Kati ya j ile na z yetu kuna Bahari ya Hindi nzima, na kuna miaka mia tano ambayo vitabu vyangu vya sekondari viliimaliza kwa kurasa chache. Wareno walikuja, wakapora, wakajenga Fort Jesus, wakafukuzwa. Mtihani ukapita.

Sikuliwazia neno hilo hadi nilipopanda kilima cha Mtakatifu Paulo katika mji wa Melaka, Malaysia. Ninasoma shahada ya uzamili ya historia Kuala Lumpur, na Melaka ni mwendo wa saa mbili hivi kwa basi. Nilikwenda na mwenzangu wa darasani, binti wa Kimalay kutoka Johor. Tulipofika kwenye ngazi alinyoosha kidole juu, kwenye kuta nyekundu zisizo na paa, akasema, "Ile ndiyo gereja." Nikamwambia kwetu ukisema unakwenda gereza, watu watakuuliza ni nani amefungwa. Alicheka. Kisha akauliza, "Sasa kwa nini?" Makala haya ni jibu langu kwake, kwa sababu siku ile sikuwa nalo.

Tuanzie chini ya kilima. Huko limebaki lango moja la mawe, Porta de Santiago, yaani lango la Mtakatifu Yakobo. Ni mabaki ya ngome iliyoitwa A Famosa, ambayo Afonso de Albuquerque alianza kuijenga mwaka 1511 baada ya kuiteka Melaka kutoka kwa Sultan Mahmud Shah. Shambulio la kwanza lilikuwa tarehe 25 Julai, sikukuu ya Mtakatifu Yakobo, na mji ukaanguka Agosti.

Mtu wa pwani yetu akisoma tarehe hizo hawezi kupita tu. Miaka sita kabla, Julai hiyohiyo ya mwaka 1505, Francisco de Almeida alishuka Kilwa na askari wake. Amir Ibrahim alikimbia, Wareno wakamweka mtawala waliyemtaka, wakaanza kujenga ngome. Nayo wakaiita Santiago. Mwezi uliofuata wakaichoma Mombasa. Mwaka 1512 waliiacha Kilwa kwa kuwa haikuwalipa, na wakati huo huku Melaka kuta zilikuwa zinapanda. Ni mradi mmoja, wa watu walewale, chini ya jina la mtakatifu yuleyule.

Mawe ya ngome ya Melaka yalitoka wapi? Masimulizi ya Wareno wenyewe hayafichi: yalitoka kwenye msikiti, kwenye makaburi ya masultani na majengo mengine ya mji. Waliobeba walikuwa watumwa na mateka. Mwenzangu alilijua jambo hili tangu shule ya msingi. Alilieleza bila hasira, kama mtu anavyokueleza nyumba ya babu yake ilikuwa wapi kabla barabara haijapita. Mimi ndiye niliyeona shida kuendelea kupanda.

Nieleze kwa nini. Mimi ni Mkatoliki. Imani yetu ya bara haikuletwa na Wareno hao. Njia yake ilipita Bagamoyo, ambako mapadri wa Roho Mtakatifu walifungua misheni mwaka 1868. Naweza kusema hayo ya 1511 hayanihusu. Lakini juu ya kilima kile kuna kanisa la dhehebu langu, na ndani yake kuna shimo lililozungushiwa wavu wa chuma ambamo mwili wa mtakatifu ninayemfahamu tangu mafundisho ya kipaimara uliwahi kulazwa. Nilikuwa nimepanga kusali pale.

Kanisa hilo lilijengwa mwaka 1521 na Duarte Coelho, nahodha wa Kireno, kama kikanisa cha Bikira Maria. Inasimuliwa kuwa alikuwa ametoa nadhiri baada ya kunusurika baharini. Baadaye lilikabidhiwa kwa Wajesuiti, na Francis Xavier akalifanya kituo cha safari zake za kwenda visiwa vya Maluku na Japani. Alifariki Desemba 1552 katika kisiwa cha Shangchuan, karibu na pwani ya China. Mwaka 1553 mwili wake ukaletwa Melaka, ukazikwa ndani ya kanisa hili kwa miezi kadhaa kabla ya kupelekwa Goa uliko hadi leo. Mbele ya magofu kuna sanamu yake nyeupe iliyosimamishwa mwaka 1952. Haina kiganja cha kulia. Huelezwa kuwa mti uliiangukia. Wenyeji hupenda kukukumbusha kuwa mwaka 1614 mkono wa kulia wa marehemu mwenyewe ulikatwa ukapelekwa Roma.

Xavier huyu alipita kwetu pia. Mwaka 1542, akiwa njiani kutoka Msumbiji kwenda Goa, meli yake ilitia nanga Malindi. Katika barua yake ya mwaka huo anaeleza mazungumzo na mwenyeji Mwislamu mwenye cheo, aliyemlalamikia kwamba kati ya misikiti kumi na saba ya mji, ni mitatu tu iliyokuwa ikihudhuriwa. Napenda kisa hiki kwa sababu watu wawili wanazungumza juu ya imani kupoa, na hakuna aliyeshika mzinga. Malindi walikuwa washirika wa Wareno, hapakuhitajika ngome. Lakini ni mahali pachache palipokuwa hivyo.

Sasa nirudi kwenye swali la mwenzangu. Kwa nini Wamalay walibaki na kanisa na sisi tukapata jela?

Sehemu ya jibu ni ya lugha. Waswahili walikuwa na neno kanisa kutoka Kiarabu, kwa hiyo igreja lilipofika halikukuta nafasi wazi ya maana yake. Lilihitaji kitu kingine cha kukitaja.

Sehemu nyingine ni nani aliingia ndani. Melaka Wareno walikaa miaka 130, wakaoana na wenyeji, na jamii iliyozaliwa ikashika dini na lugha hata baada ya Waholanzi wa Kiprotestanti kuuteka mji mwaka 1641, wakisaidiwa na Johor. Waholanzi waliwabana Wakatoliki kwa muda mrefu, lakini mwaka 1710 kanisa la Mtakatifu Petro lilijengwa, na bado lina misa. Wazao wa jamii ile wangali wakizungumza Kireno chao cha Kikristang. Kwa mtu wa Melaka, gereja lilikuwa mahali anapokwenda jirani yake Jumapili.

Pwani yetu walioingia walikuwa wachache. Fort Jesus ilianza kujengwa mwaka 1593, na kanisa lilikuwa ndani ya kuta. Mswahili aliyesimama nje aliona mizinga, askari na lango. Akisikia wenyewe wanapaita igreja, akalibandika neno kwenye jengo zima. Na aliyeingia ndani kabisa alitoka vibaya. Yusuf bin Hasan, mtoto wa mtawala wa Mombasa aliyeuawa, alipelekwa Goa, akabatizwa Jerónimo, akarudishwa kuwa mfalme. Agosti 1631 aliingia Fort Jesus, akamuua kapteni wa Wareno, akarudi kwenye Uislamu, na Wakristo wengi wa Mombasa wakauawa. Kwa pande zote mbili, lile halikuwa jengo la amani.

Ukitaka kuona neno likibadilika mbele ya macho yako, nenda Unguja. Ngome Kongwe ya Forodhani ilijengwa na Waomani mahali palipokuwa na kanisa la Wareno, na mabaki ya kanisa hilo yamo katika kuta zake. Karne ya 19 palifungiwa watu. Kanisa, ngome, jela: hatua tatu za neno gereza zimo ndani ya ua mmoja, ambamo leo vijana hucheza muziki kwenye tamasha. Mombasa, Waingereza waligeuza Fort Jesus kuwa gereza mwaka 1895, likabaki hivyo hadi 1958. Lugha ilikuwa imeshawatangulia.

Huko Melaka, Waingereza walifanya kinyume. Waliuchukua mji mwaka 1795 wakati wa vita vya Ulaya, wakijua huenda wangelazimika kuurudisha kwa Waholanzi. Mwaka 1807, ili asije mpinzani akaipata ngome imara, William Farquhar aliivunja kwa baruti. Abdullah bin Abdul Kadir, mwandishi mashuhuri wa Kimalay aliyekuwa mtoto wakati ule, alilielezea tukio hilo katika kumbukumbu zake. Aliona ngome kuwa uzuri wa mji wake, na kuondoka kwake kukamsikitisha. Stamford Raffles alipofika aliwashawishi wakubwa wasiendelee kuuhama mji, na lango moja likanusurika. Kanisa la juu, ambalo Waholanzi walikuwa wamelifanya makaburi yao, likawa ghala la baruti.

Huzuni ya Abdullah ilinifundisha kuliko darasa zima. Alikuwa Mwislamu anayeililia ngome iliyojengwa kwa mawe ya msikiti. Baada ya miaka mia tatu, mawe yale yalikuwa yake tena.

Kuna jina moja zaidi la kutaja. Tomé Pires, mtaalamu wa dawa wa Kireno aliyekaa Melaka muda mfupi baada ya kutekwa kwake, aliorodhesha wafanyabiashara waliokuwa wakifika katika bandari ile. Kuna watu wa Cairo, Makka, Aden, Hormuz, Gujarat. Na kuna watu wa Kilwa na Malindi. Babu zetu walifika hapa bila Wareno kuwaleta. Walikuwa Waislamu, na mfanyabiashara Mwislamu anayesubiri upepo ugeuke, kwa wiki au miezi, husali Ijumaa pamoja na wenyeji wake. Msikiti waliosalia ndio uliovunjwa.

Nilisali kule juu, kwa kifupi, nikiwa nimesimama. Sikumwomba Xavier chochote. Niliwaombea waliobeba mawe, na wale wa Kilwa, kwa sala za dini ambayo wao hawakuwa nayo, naamini hawatachukia. Mwenzangu alikaa kwenye kivuli cha ukuta, kati ya mawe makubwa ya makaburi ya Kiholanzi, akanisubiri.

Tuliposhuka tulipita chini ya lango. Juu yake kuna nembo ya kampuni ya Waholanzi na mwaka 1670, tarehe ya walioukarabati, si ya waliojenga. Watalii walikuwa wamepanga foleni ya kupiga picha. Mwenzangu aliweka kiganja ukutani, akaniambia hakuna anayeweza kujua lipi kati ya mawe haya lilitoka msikitini. Nami nikaweka changu kando ya chake.