NYUMBA YA MKULIMA WA AYALANDI NA SUALA LA ARDHI

Tukitaka kuufahamu mfumo wa uchumi wa jamii yoyote, hatuna budi kuuliza watu wake walilala wapi, walipika nini, na kiwanja kilikuwa cha nani. Tutazame Ayalandi, mojawapo ya makoloni ya kale zaidi ya Uingereza.

Sensa ya 1841 iligawa nyumba za nchi hiyo katika madaraja manne. Daraja la chini kabisa lilikuwa vibanda vya udongo vya chumba kimoja, navyo vilizidi theluthi moja ya nyumba zote. Ndani, maisha yalizunguka moto. Kuni zilikuwa adimu, hivyo watu walichoma udongo wa kinamasi uliokatwa vipande na kukaushwa juani. Usiku mama alifukia makaa majivuni, asubuhi akayafukua. Viazi vilichemshwa, vikamwagwa kikapuni, familia ikavizunguka na kula kwa mtindi. Jioni majirani walikuja kuota moto na kusimuliana hadithi. Nguruwe naye alilala humo humo.

Wasafiri wa Kiingereza walimwandika sana nguruwe huyo, kwa dharau. Hawakujiuliza kwamba yeye ndiye aliyekuwa kodi: aliuzwa ili kabaila alipwe.

Je, kwa nini mkulima hakuongeza hata dirisha? Walio wengi hawakuwa na mkataba wowote wa kudumu. Aliyetengeneza nyumba aliweza kupandishiwa kodi, au kufukuzwa bila fidia. Kilichoitwa uvivu kilikuwa hesabu sahihi ya mnyonywaji.

Mwaka 1845 ugonjwa ulishambulia viazi. Katika njaa iliyofuata watu wapatao milioni moja walikufa, huku nafaka na mifugo ikiendelea kusafirishwa Uingereza. Sheria ya 1847 ilimnyima msaada mwenye zaidi ya robo eka mpaka aiachie. Makabaila wakapata nafasi waliyoitaka: familia zilitolewa nje, moto ukazimwa, paa likaangushwa ili wasirudi.

Sensa ya 1851 ilionyesha kuwa vibanda vya daraja la nne vimepungua kutoka 490,000 hivi hadi 135,000 hivi. Wanafunzi wetu wakipewa takwimu hii husema upesi kwamba makazi yaliboreka. Tarakimu ni sahihi, tafsiri ndiyo yenye kosa. Waliokaa humo walikuwa makaburini, katika nyumba za maskini, au ng'ambo ya bahari.

Miongoni mwa waliofukuzwa mwaka 1850, huko Mayo, ilikuwamo familia ya mtoto Michael Davitt. Mwaka 1879 Davitt alikuwa mwanzilishi mkuu wa Umoja wa Ardhi, uliowaunganisha wapangaji dhidi ya makabaila. Bunge la London, lililokuwa kiziwi miaka yote hiyo, lilipitisha mwaka 1881 sheria ya kodi ya haki na usalama wa mpangaji. Kibarua asiye na shamba hakufaidika nayo. Yeye alingoja sheria ya 1883, iliyoruhusu mamlaka za mitaa kumjengea nyumba yenye kiwanja cha nusu eka.