Malaika si wimbo wa harusi

Wacha niseme bila kuzunguka: wimbo wangu bora wa mapenzi, wa wakati wote, ni Malaika. Najua mtasema ni wimbo wa wazazi na wa watalii hotelini. Lakini hebu sikiliza maneno yenyewe. Kijana anapenda msichana, anataka kumuoa, hana pesa. Basi, hadithi imeisha hapo. Halafu sisi ndio tunaupiga harusini, keki ikikatwa!

Fadhili William, mtu wa Taita, aliurekodi na Jambo Boys mwanzoni mwa miaka ya 1960. Adam Salim naye alidai kuwa aliutunga 1945, kwa sababu ya msichana aliyemkosa. Ubishi huo haujawahi kuisha. Na wakati watu wanabishana huku nyumbani, wimbo ukapanda ndege: Miriam Makeba na Harry Belafonte wakautoa kwa albamu yao ya 1965, Boney M nao wakaurekodi 1981. Wimbo wa mtu aliyesota ukauzwa dunia nzima.

Mbona basi niuchague? Mwaka jana msichana wangu aliniuliza nitaenda kwao lini. Nilikuwa nimeacha chuo, mfuko umekauka. Nikacheka, nikabadilisha mada. Huyo kijana wa Malaika hakubadilisha mada. Alisema ukweli wake mbele ya mpenzi wake, tena kwa sauti tamu. Mimi hata hiyo sikuweza.

Nyimbo nyingi za mapenzi zinaahidi nyota na mwezi. Huu unakiri deni. Wako ni upi?