Kisima Kilichokosa Maji: Historia ya Maarifa kuhusu Ardhi Iliyoganda ya Siberia, Maji Yake na Kaboni Yake

1.0 Utangulizi

Mwaka 1828, katika mji wa Yakutsk, mashariki mwa Siberia, Fyodor Shergin, wakala wa Kampuni ya Urusi na Amerika, alianzisha uchimbaji wa kisima. Haja yake ilikuwa ndogo: maji ya kunywa. Kazi iliendelea hadi mwaka 1837, shimo likafika kina cha mita 116, na wachimbaji walikuwa bado ndani ya ardhi iliyoganda. Maji hayakupatikana. Hata hivyo, kisima hicho kikavu kiliipatia sayansi ushahidi ambao haikuwa nao.

Kwa mujibu wa fasili inayotumika leo, ardhi iliyoganda ni udongo au mwamba unaobaki katika nyuzi 0 za Selsiasi au chini yake kwa angalau miaka miwili mfululizo. Insha hii inafuatilia namna ardhi hiyo ilivyoeleweka kuanzia kisima cha Shergin hadi mwanzoni mwa karne ya 21. Hoja yake ni kwamba kwa zaidi ya karne moja ardhi hiyo ilichunguzwa hasa kama msingi wa kujengea, na jina lake lenye maana ya umilele lilisaidia kuificha sura yake nyingine: ghala la kaboni ambalo hatima yake huamuliwa na maji.

2.0 Kipimo cha Wageni na Ujuzi wa Wenyeji

Katika miaka hiyo, si wataalamu wote wa Ulaya walioamini kwamba ardhi inaweza kuganda kwa kina kirefu namna hiyo. Mwanajiolojia Leopold von Buch alizitilia shaka taarifa zilizotoka Siberia. Mwaka 1844 Alexander von Middendorff, aliyetumwa na Chuo cha Sayansi cha St. Petersburg, alifika Yakutsk na kupima halijoto katika vina mbalimbali vya shimo la Shergin. Vipimo vilionyesha kwamba ardhi huongezeka joto kadiri mtu anavyoshuka, lakini hata kwenye sakafu ya shimo ilikuwa bado chini ya sifuri. Tangu hapo shaka ilipungua nguvu.

Jambo ambalo vipimo hivyo havikulisajili ni kwamba wenyeji, yaani Wasakha, hawakuhitaji kisima. Walikata mapande ya barafu mitoni na ziwani majira ya baridi yalipoanza, wakayahifadhi na kuyayeyusha kwa matumizi ya nyumbani. Aidha, ufugaji wao wa ng'ombe na farasi ulitegemea alaas, mabonde mapana yenye nyasi na ziwa, yaliyoumbika maelfu ya miaka iliyopita pale barafu ya ardhini ilipoyeyuka na udongo kutitia. Kwa hiyo Wasakha waliishi juu ya ardhi iliyoganda, lakini walilisha mifugo yao pale ilipokuwa imeyeyuka. Katika mandhari yao, kuganda hakukuwa hali ya milele.

3.0 Uzito wa Neno "Milele"

Mwaka 1927 Mikhail Sumgin alichapisha kitabu kilichoweka misingi ya taaluma hii katika Muungano wa Kisovieti, na kwacho istilahi ya Kirusi yenye maana ya "jalidi ya milele" ikaimarika. Sumgin alifahamu kwamba jalidi hiyo hubadilika; hata hivyo, alipendekeza ichimbwe makumbusho ndani yake ili kuhifadhi miili ya wanyama na maandishi kwa ajili ya vizazi vya mbali. Pendekezo hilo linaonyesha kwamba ardhi ilikwisha kufikiriwa kama ghala. Lililokosekana ni swali la nini kilichokuwa ghalani tayari, na kingefanya nini mlango ukifunguka.

Swali hilo halikupewa nafasi kwa sababu serikali zilikuwa na mahitaji mengine. Reli, migodi na miji ilidai misingi imara. Mwaka 1939 Chuo cha Sayansi cha Kisovieti kilianzisha taasisi ya utafiti wa jalidi mjini Moscow, na mwaka 1960 taasisi kama hiyo ikaanzishwa Yakutsk. Huko Amerika ya Kaskazini, ujenzi wa barabara kuu ya Alaska mwaka 1942 ulitoa funzo la aina hiyohiyo: matabaka ya mimea yalipoondolewa, ardhi iliyeyuka na magari yakazama katika tope. Mwaka 1943 Siemon Muller aliandaa mwongozo kwa ajili ya jeshi la Marekani, akaunda neno fupi la Kiingereza lililobeba wazo lilelile la kudumu. Katika miaka ya 1950 baadhi ya wataalamu wa Kisovieti walitaka "milele" iachwe, badala yake isemwe "ya miaka mingi", lakini mazoea yalikuwa yameshakita mizizi.

4.0 Maji Yanapofungua Ghala

Mwaka 2006 Sergey Zimov, anayefanya kazi Chersky karibu na mto Kolyma, pamoja na wenzake wawili wa Marekani, walichapisha makala iliyoiweka ardhi iliyoganda katika hesabu ya kaboni ya dunia. Maelezo yao yalijengwa juu ya udongo wa yedoma, uliolimbikizwa wakati wa enzi ya barafu ukiwa na vipande vya mizizi na mabaki ya wanyama yaliyoganda kabla ya kuoza. Udongo huo ukiyeyuka, vijidudu huanza kazi vilivyozuiwa kuifanya kwa maelfu ya miaka. Makadirio ya mwaka 2014 yalitaja takriban tani bilioni 1,300 za kaboni katika maeneo ya ardhi iliyoganda, kiasi kinachozidi kaboni yote iliyomo angani.

Namna kaboni hiyo inavyotoka hutegemea maji. Pale maji yanapopata njia ya kutoka na oksijeni ikaingia, vijidudu hutoa zaidi kaboni dayoksaidi. Pale ardhi inapotitia na maji kutuama, oksijeni hukosekana na methani huzalishwa, gesi ambayo hunasa joto kwa nguvu zaidi ingawa hukaa angani kwa muda mfupi zaidi. Hali zote mbili zimeonekana Siberia. Utafiti wa picha za setilaiti uliochapishwa mwaka 2005 ulilinganisha mwaka 1973 na miaka ya 1997 na 1998: idadi ya maziwa makubwa ilipungua kutoka 10,882 hadi 9,712. Hata hivyo, palipoganda mfululizo, eneo la maziwa liliongezeka. Palipoganda kwa mabaka, maji yalipata upenyo na maziwa yakakauka.

5.0 Hitimisho

Historia hii inaonyesha kwamba maji na kaboni, ambavyo taaluma ilivitenganisha, ni suala moja. Shergin alitafuta maji katika ardhi iliyojaa maji, ila yalikuwa katika umbo la barafu. Wahandisi waliofuata waliijali barafu hiyo kwa kuwa ilibeba nyumba zao. Ni baada ya umilele wake kutiliwa shaka ndipo ilipoonekana kwamba imebeba pia sehemu ya utulivu wa hali ya hewa ya dunia. Kwa Wasakha, ambao mashamba na makazi yao hutitia leo, suala hilo si la nadharia: kuyeyuka kwa kale kuliwapa malisho, na kuyeyuka kwa sasa kunayavuruga. Mwanahistoria wa mazingira hana budi kuyaweka maarifa yao kando ya vipimo vya Middendorff, kwa kuwa wao ndio waliokuwa wakiishi na ushahidi kwamba ardhi hiyo iliwahi kuyeyuka.