Nani Aliiambia Mashine Kwamba Same Ni Kiingereza?

Mwanafunzi anayeandika tasnifu kuhusu upinzani wa Mbiru hukutana na jambo la ajabu kabla hajamaliza ukurasa wa kwanza. Ikiwa programu yake ya kuandikia imewekwa kwa Kiingereza, kama zilivyo nyingi katika ofisi na vyuo vyetu, neno "mbiru" hupigiwa mstari mwekundu. Hedaru, Vudee, Chome na Makanya nayo hupata adhabu hiyo hiyo. Same hupita salama. Pare hupita. Mamba nayo hupita. Usidhani mashine inaijua milima yetu: kwake Same ni neno la Kiingereza lenye maana ya "ile ile", Pare ni kumenya tunda, na Mamba ni nyoka mwenye sumu kali. Ndiyo maana ukisahau herufi kubwa ukaandika "wilayani same", haitakuonya. Imekuelewa, ila kwa lugha nyingine.

Mstari mwekundu una heri yake, kwa sababu unaonekana. Hatari kubwa iko katika mabadiliko yanayofanyika kimyakimya. Historia yake si ndefu. Usahihishaji wa papo kwa papo uliingia katika Microsoft Word toleo la 6, mwaka 1993, na mhandisi anayetajwa zaidi katika kazi hiyo ni Dean Hachamovitch. Tatizo alilolishughulikia lilikuwa dogo na la Kiingereza kabisa: watu waandikao haraka hukosea neno "the" wakaandika "teh". Uamuzi mzito ulikuwa kutumia kitufe cha nafasi kama ishara ya kusahihisha. Mwandishi akishamaliza neno na kubonyeza nafasi, mashine humhesabu kuwa amekubali. Baadaye, katikati ya miaka ya 1990, hatua hiyo ilipanuliwa kutoka kwenye tahajia hadi kwenye sura ya ukurasa wenyewe: ukiandika 1 na nukta, programu hudhani unaanza orodha, nayo huchukua usukani wa namba.

Sasa mwangalie mtumishi wa halmashauri anayeandaa rasimu ya sheria ndogo. Anaandika (a), kisha (b), kisha (c), na papo hapo kifungu chake cha tatu kinageuka kuwa ©, alama ya hakimiliki. Anaandika muhtasari Na. 1/4, unageuka ¼. Anaandika "taz. jedwali", na kwa kuwa mashine haiujui mkato wa Kiswahili, nukta huhesabiwa kuwa mwisho wa sentensi na "jedwali" hupewa herufi kubwa. Haya huchekesha. Lisilochekesha ni orodha ya namba. Kikao kikifuta kipengele cha 3, programu hukivuta cha 4 kuwa cha 3, cha 5 kuwa cha 4, na kuendelea. Lakini ile sentensi ya chini iliyoandikwa kwa mkono, "atakayekiuka kipengele cha 5", hubaki kama ilivyokuwa. Adhabu imehama kutoka kosa moja kwenda jingine, na hakuna mjumbe aliyepiga kura ili ihame.

Jambo hili limekuwa zito zaidi tangu Sheria Na. 1 ya mwaka 2021 ilipokifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya utoaji haki. Tumefanya uamuzi mkubwa wa kisiasa kuhusu lugha, kisha tunautekeleza kwa zana zinazodhani kila anayeandika anakusudia Kiingereza.

Upareni usahihishaji kutoka nje si jambo jipya. Waadventista walifika Mamba mwaka 1903, na mwaka 1909 mmisionari Ernst Kotz alichapisha Berlin sarufi ya Chasu kwa Kijerumani. Kuamua sauti ipi iandikwe kwa herufi ipi ni kuumba sura ya lugha. Hadi leo wapo waandikao Chasu na wapo waandikao Chathu. Mwaka 1930 ikaja kamati ya lugha ya makoloni ya Uingereza ya Afrika Mashariki, iliyosanifisha Kiswahili kwa msingi wa Kiunguja na kuvipa ithibati vitabu vya shule. Tunaweza kuwalaumu watu hao kwa mengi, na mimi ni miongoni mwa wanaowalaumu. Hata hivyo walikuwa na majina na anwani, na walichapisha kanuni zao ili mtu aweze kuzisoma na kuzipinga.

Na Mbiru yenyewe? Lilikuwa jina la zamani la ushuru wa kimila. Katika miaka ya 1940 utawala ulilichukua ukalibandika kwenye kodi mpya, iliyokadiriwa mtu kwa mtu kulingana na mapato. Januari 1945 maelfu ya watu walishuka milimani wakaja Same, makao ya wilaya, wakapiga kambi hapo. Sidai kwamba kodi ya mkoloni na programu ya kompyuta ni kitu kimoja. Huo ungekuwa utani mbaya. Lakini anayesoma utafiti wa Profesa Isaria Kimambo kuhusu tukio hilo, uliochapishwa mwaka 1971, ataona kwamba kilichowaudhi watu hasa ni ukadiriaji: mtu mwingine kuamua hali yako ni ipi, kisha kuiita kwa neno lako mwenyewe.

Juhudi za nyumbani zilikuwapo. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi yenye menyu za Kiswahili. Ni ofisi ngapi za umma ziliwahi kuifungua? Tulisifu habari yake, kisha tukaendelea kununua leseni.

Kwa anayehitaji dawa leo, ipo. Mashine ikibadilisha usichotaka, bonyeza Ctrl na Z papo hapo. Maneno yako hubaki, mabadiliko yake huondoka. Dawa ya kudumu katika Word iko chini ya File, kisha Options, Proofing, na AutoCorrect Options. Katika LibreOffice iko kwenye menyu ya Tools. Hapo futa (c) kwenye jedwali la vibadala, ondoa tiki kwenye sehemu na kwenye orodha za namba za kiotomatiki. Kubadili lugha ya matini kuwa Kiswahili ni lazima, ila hakutoshi peke yake kukiokoa kifungu cha (c). Kwa sheria ndogo, ningeshauri namba ziandikwe kwa mkono hadi rasimu ya mwisho, au marejeo yote ya ndani yaunganishwe na namba zake.

Hedaru na Vudee unaweza kuziongeza katika kamusi ya kompyuta yako, na mstari mwekundu utatoweka. Utatoweka kwenye kompyuta hiyo tu. Karani wa Mwanga ataanza upya kesho asubuhi, na wa Same aliyepewa kompyuta mpya vilevile.