Kimbunga cha Tropiki: Maana ya Istilahi na Kazi ya Kuainisha

Kimbunga cha tropiki ni mfumo wa hewa unaozaliwa juu ya bahari yenye joto, wenye mgandamizo mdogo katikati na pepo kali zinazozunguka kitovu hicho. Kusini mwa ikweta pepo hizo huzunguka kwa kufuata mwendo wa mishale ya saa. Nguvu zake hutokana na mvuke wa maji yenye nyuzi joto zipatazo 26 au 27 za Selsiasi, au zaidi. Kikiingia nchi kavu, au kikivuta hewa kavu, hudhoofika.

Katika mazungumzo ya kawaida, upepo wowote unaoezua mapaa huitwa kimbunga. Wengine husema dhoruba au tufani, na ule mdogo unaopeperusha vumbi uwanjani huitwa kisulisuli au chamchela. Matumizi hayo ni sahihi mahali pake. Katika istilahi, hata hivyo, kila jina lina mpaka wa namba. Kusini-magharibi mwa Bahari ya Hindi, mfumo wenye upepo wa kilomita 51 hadi 62 kwa saa bado ni mgandamizo mdogo wa tropiki. Kuanzia kilomita 63 huwa dhoruba ya wastani, na hapo ndipo hupewa jina. Kuanzia 89 huwa dhoruba kali. Ukifika 118 ndipo huitwa kimbunga. Kuanzia 166 ni kimbunga kikali, na ukizidi 212 ni kimbunga kikali sana. Kinachohesabiwa ni wastani wa upepo kwa dakika 10, wala si mvumo mmoja wa ghafla.

Shirika la Hali ya Hewa Duniani limekabidhi kazi ya kuainisha mifumo ya eneo hili kwa kituo cha Météo-France kilichopo kisiwani Réunion. Majina hutolewa na Mauritius au Madagaska, kutegemea mfumo uko upande gani wa longitudo ya nyuzi 55 mashariki. Kuwaonya wananchi ni jukumu la taasisi ya kila nchi; nchini Tanzania jukumu hilo ni la Mamlaka ya Hali ya Hewa, TMA.

Ugumu ni kwamba katikati ya bahari mara nyingi hakuna kipima upepo. Kwa sababu hiyo wachambuzi hutumia njia iliyobuniwa na Mmarekani Vernon Dvorak katika miaka ya 1970. Mchambuzi hulaza mstari wa mzingo juu ya picha ya setilaiti, kisha hupima mkono wa mawingu umekizunguka kitovu kwa kiasi gani. Uliozunguka nusu ya mduara huashiria kwamba mfumo unaingia daraja la dhoruba. Ukizunguka mduara mzima, kimbunga kimekaribia. Jicho likishafunguka, hulinganishwa joto lake na baridi ya vilele vya mawingu yanayolizingira: tofauti ikiwa kubwa, upepo ni mkali zaidi. Matokeo huandikwa kwa namba ya 1 hadi 8, kwa hatua za nusu nusu, na zipo kanuni zinazozuia namba hiyo kuruka mno kwa muda mfupi. Wachambuzi wawili waliofunzwa wakitazama picha moja, majibu yao hukaribiana.

Mtazamaji asiye na mafunzo hana kizuizi hicho. Huona wingu kubwa akadhani ni mfumo mkali, ilhali ukubwa na ukali ni vitu viwili. Hufungua programu ya simu akaichukua ramani ya utabiri wa siku tano kuwa ndiyo hali ya sasa. Au hukuta kituo cha jeshi la Marekani kimetangaza kasi kubwa kuliko Réunion, akahitimisha kwamba mmoja anaficha ukweli, kumbe Wamarekani hutumia wastani wa dakika moja, ambao kwa kawaida huwa juu zaidi. Mazoea ya wenyeji pia hayatoshi hapa. Zanzibar ilipigwa na kimbunga mwaka 1872, na Lindi mwaka 1952. Kati ya hiyo miwili imepita miaka 80, muda unaozidi kumbukumbu ya watu wengi.

Utaalamu nao una mipaka yake. Namba inayotangazwa saa ile ni makadirio, na baadaye takwimu hupitiwa upya, pengine daraja likabadilishwa. Isitoshe, daraja hupima upepo peke yake. Mwanzoni mwa Mei 2024 dhoruba iliyopewa jina la Hidaya ilifikia hadhi ya kimbunga baharini, ikapungua nguvu ilipokaribia Kisiwa cha Mafia Mei 4. Hata hivyo mvua zilizoambatana nayo zilikata barabara ya kutoka Dar es Salaam kwenda Lindi na Mtwara. Aliyesikia kwamba kimbunga kimedhoofika akaona hatari imekwisha, alisikia vizuri lakini alielewa vibaya.

Hapo ndipo macho ya mwananchi yanapohitajika. Mvuvi anayeeleza mawimbi yamefika wapi, au mkazi anayetoa taarifa kwamba mto umefunika daraja, humpa mtaalamu jambo ambalo setilaiti haikulionyesha. Ushahidi wake ni wa thamani. Kuupa mfumo daraja ndiyo kazi isiyo yake. Kwa mwandishi wa Kiswahili, inafaa neno kimbunga litengewe mfumo uliotangazwa kufikia kilomita 118 kwa saa, na ulio chini ya hapo uitwe dhoruba au mgandamizo mdogo kwa daraja lake. Kando ya jina hilo yatajwe pia mvua na mawimbi yanayotarajiwa, kwa kuwa daraja la upepo halisemi lolote juu ya hayo.