Jipu ya nyota tano, na kiti cha mbele kilichosahauliwa



Siku moja nilipanda jipu ya abiria kutoka Bukavu kwenda Uvira. Tulikuwa watu tisa ndani ya gari ya viti vitano. Juu yake walikuwa wamefunga magodoro, masufuria na magunia ya familia moja iliyokuwa inahama mara ya tatu. Mama wa familia hiyo alikaa mbele, upande wa kuume, akipakata mtoto. Mkaba wa kiti chake ulikuwa umekatwa. Nilipomuuliza shofere, alicheka: «Kaka, usiogope. Hii ni RAV4. Kule Ulaya waliipa nyota tano.»

Shofere hakudanganya. Toyota RAV4 iliyotoka mwaka 2013 ilipata kweli nyota tano kwa Euro NCAP, shirika la Ulaya linalopima usalama wa magari. Lakini nyota hizo zina historia, na historia hiyo inamhusu sana yule mama aliyekaa mbele.

Zamani, gari ikigonga, lawama zote zilimwangukia shofere. Watu wachache waliuliza gari yenyewe ilifanya nini mwilini mwa abiria. Mwezi wa 12 mwaka 1954, daktari wa jeshi la anga la Marekani, John Paul Stapp, alijifunga mikaba kwenye kigari cha roketi. Kilikimbia zaidi ya kilomita 1,000 kwa saa, kisha kikasimamishwa ghafla, kwa sekunde moja na kidogo tu. Macho yake yalivia damu, lakini alipona. Alionyesha kwamba mwili uliofungwa vizuri unaweza kuvumilia mshindo mkubwa kuliko watu walivyofikiri.

Mwaka 1959 injinia Nils Bohlin wa Volvo, kule Uswidi, alileta mkaba tunaoujua leo, ule unaopita kifuani na kiunoni. Kampuni yake iliacha watengenezaji wengine wautumie. Mwaka 1965 mwanasheria Mmarekani Ralph Nader akatoa kitabu kilichoshtaki viwanda kwamba vinauza magari ya hatari huku vikijua. Mwaka uliofuata Marekani ikapitisha sheria ya usalama wa magari.

Toka 1979 serikali ya Marekani ilianza kugongesha magari mapya kwenye ukuta, kwa mwendo wa kilomita 56 kwa saa, masanamu ya watu yakiwa ndani, na kutangaza matokeo. Katika miaka ya 1990 matokeo hayo yakageuzwa kuwa nyota, ili hata asiyesoma vitabu vya mainjinia aelewe. Euro NCAP nayo ilitangaza matokeo yake ya kwanza mwaka 1997. Viwanda vililalamika, lakini wanunuzi waliangalia nyota, na viwanda vikalazimika kubadilika.

Sasa turudi kwenye jipu yetu. Marekani kuna taasisi inayolipiwa na makampuni ya bima, inaitwa IIHS. Mwaka 2012 taasisi hiyo ilileta jaribio jipya. Gari inakimbia kilomita 64 kwa saa na kugonga kizuizi kigumu kwa pembe tu, robo ya upana wake wa mbele, upande wa shofere. Ni kama kugonga mti au nguzo kwa ubavu wa mbele. RAV4 ile ile ya 2013, iliyokuwa na nyota tano za Ulaya, ilipewa alama ya chini kabisa: Mbaya.

Kiwanda kiliimarisha chuma. RAV4 ya mwaka 2015 ikapata alama ya juu: Nzuri. Watu wengi wangefunga habari hapo.

Lakini mwaka 2016 wataalamu wa IIHS walirudi na swali lingine: je, upande wa pili, anapokaa abiria wa mbele? Walichukua jipu saba ndogo za familia, zote zenye alama Nzuri upande wa shofere, wakazigongesha upande wa abiria. Moja tu, Hyundai Tucson, ilistahili alama Nzuri. RAV4 ya 2015 ilionekana Mbaya. Chuma kiliingia ndani sentimita 33 zaidi kuliko upande wa shofere, na mlango ukafunguka wenyewe. Ukichungulia chini ya bodi yake, uliona kwamba pande mbili za mbele hazikujengwa sawa. Upande uliopimwa ulikuwa umetiwa nguvu, na ule ambao haukupimwa uliachwa.

Hapo ndipo somo lilipo. Nyota ni jibu la swali lililoulizwa. Mahali ambapo hakuna aliyeuliza, abiria amekaa kwa bahati. Baada ya matokeo yale, IIHS ilianza kupima pande zote mbili, na viwanda vikaanza kuimarisha pande zote mbili.

Kuna swali lingine ambalo nyota za jipu yetu hazikulijibu. Gari iliyopimwa ilikuwa mpya, mikaba yake ikiwa mizima, mifuko ya hewa ikiwa mahali pake, na masanamu yote yakiwa yamefungwa. Haikuwa na watu tisa wala mzigo juu. Marekani ilipoanza kutoa nyota za hatari ya kupinduka, kwa magari ya mwaka 2001, ilihesabu upana kati ya magurudumu na urefu wa kitovu cha uzito kutoka chini. Jipu tayari iko juu. Ukiongeza magunia juu yake, uzito unapanda, na kwenye kona za Ngomo hesabu ile inakuwa nyingine kabisa.

Najua familia iliyokimbia haichagui gari. Inapanda iliyopo. Lakini hata hapo kuna maneno matatu ya kusema. Kwanza: «Papa shofere, mkaba uko wapi?» Pili: mtoto akae nyuma, asipakatwe mbele, gari ikigonga, mikono ya mama haiwezi kumshika. Tatu: magunia mazito yaingie ndani, chini, na magodoro tu ndiyo yabaki juu.

Siku ile tulisimama Kamanyola. Nilimwomba mama tubadilishane kiti, akaenda nyuma na mtoto wake. Shofere alinung'unika kidogo, halafu akashusha magunia mawili. Tulifika Uvira jioni, salama.

Safari njema kwenu wote mlio njiani.